Fundi Aliyewaachia Wenzake Kampuni

Wazazi wa Bruce McLaren walikuwa na kituo cha mafuta na gereji mjini Auckland, New Zealand, na mtoto huyo, aliyezaliwa mwaka 1937, alikulia humohumo. Alipofikisha miaka tisa akapatwa na ugonjwa wa nyonga. Alikaa hospitali muda mrefu, na alipotoka mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Tangu hapo alichechemea, ila si kwenye usukani: alianza mashindano angali kijana mdogo, kwa gari dogo la Austin alilotengeneza pamoja na baba yake.

Mwaka 1958 alipata ufadhili wa kwenda Ulaya, akajiunga na timu ya Cooper. Desemba 1959, katika Grand Prix ya Marekani huko Sebring, Jack Brabham aliyekuwa akiongoza aliishiwa mafuta kwenye mzunguko wa mwisho. McLaren akampita, akashinda akiwa na miaka 22. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyeshinda Grand Prix akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake nchini Uingereza, na hapo ndipo ufundi wa gereji ulipodhihirika. Siku moja akijaribu gari, aliona kifuniko cha tundu la mafuta kikirukaruka kadiri mwendo ulivyozidi. Alitarajia upepo ukikandamize. Kumbe hewa ilikuwa imejaa ndani ya bodi na inatafuta pa kutokea! Alirudi, akachukua mkasi wa bati na kutoboa bodi nyuma ya rejeta. Gari likaongeza kasi palepale. Wahandisi wengi wangeanza na michoro. Yeye alianza na macho.

Mwaka 1968 alishinda Grand Prix ya Ubelgiji kwa gari lenye jina lake mwenyewe, na mwaka 1969 magari yake ya rangi ya chungwa yalishinda mbio zote 11 za mashindano ya Can-Am, yaliyofanyika Marekani na Kanada. Alitamani pia kuuza gari la barabarani. La majaribio, M6GT, alikuwa akiliendesha mwenyewe katika safari zake za kawaida.

Tarehe 2 Juni 1970, alipokuwa akijaribu gari jipya la Can-Am katika uwanja wa Goodwood, bodi ya nyuma ilichomoka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Alifariki papo hapo. Alikuwa na miaka 32.

Siku kumi na mbili baadaye timu yake ilikuwa Mosport, Kanada, kwa mbio za Can-Am, na dereva wake Dan Gurney akashinda. Denny Hulme, Mnyuzilandi kama McLaren, aliendesha siku hiyo mikono ikiwa bado na majeraha ya moto aliyoyapata Indianapolis mwezi Mei, na mwisho wa msimu ubingwa wa Can-Am ulikuwa wake. Gari la barabarani lilisubiri hadi mwaka 1992, kampuni ilipozindua McLaren F1. Mwaka 1995 gari hilo likashinda saa 24 za Le Mans.