Kumchora Nunda: Mchora Katuni wa Dar es Salaam na Historia ya Kiumbe Asiyeonekana

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mchora katuni wa Dar es Salaam anavyowapa sura viumbe wa njozi ambao fasihi simulizi ya Kiswahili iliwaacha bila sura kamili. Mfano mkuu ni nunda, mla watu wa ngano za Unguja, ambaye historia yake katika maandishi inaanzia mwaka 1870. Makala yanadai kwamba vitabu vya nje vilimgeuza nunda kuwa mnyama wa porini, ilhali mkondo wa katuni za Dar es Salaam, unaomweka kiumbe wa kutisha ndani ya nyumba na mtaa, uko karibu zaidi na mantiki ya ngano yenyewe. Inahitimishwa kuwa kuihifadhi michoro hiyo ni sehemu ya kuihifadhi fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Jina la Mikocheni linatokana na mikoche, miti ya jamii ya mitende. Leo mahali hapo panajulikana zaidi kwa ofisi, vyombo vya habari na viwanda vidogo. Katika eneo la viwanda la Mikocheni B kipo kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, kilichoanzishwa mwaka 2008, ambako makontena ya mizigo yamegeuzwa kuwa studio za wasanii. Upande mmoja wa Mikocheni upo Mwenge na soko lake la vinyago. Upande mwingine zipo Msasani na Oysterbay, ambako Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo wa uchoraji uliobaki na jina lake baada ya kufariki kwake mwaka 1972. Kwa hiyo mchoraji anayeketi Mikocheni kuchora jini, zimwi au shetani amezungukwa na urithi mkubwa wa sanaa ya viumbe wasioonekana.

Hata hivyo, uhakiki wa katuni za Kiswahili umejishughulisha zaidi na maneno kuliko mistari. Tumesoma mengi kuhusu lugha ya mitaani, kejeli za kisiasa na mafunzo ya kijamii. Mwaka 1999 Rose Marie Beck aliuliza swali la msingi: je, tulicho nacho ni katuni zilizoandikwa kwa Kiswahili tu, au ni katuni za Kiswahili kwa hakika? Makala haya yanalihamisha swali hilo kutoka kwenye maneno hadi kwenye kalamu. Yanauliza: mchoraji anapomchora kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwona, anatumia kanuni gani, na kanuni hizo zimetoka wapi?

2.0 Nunda katika Ngano

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyo wa ngano alizosimuliwa Unguja, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na tafsiri ya Kiingereza ukurasa unaoukabili. Miongoni mwake imo ngano ya Sultani Majinuni. Sultani huyo ana paka. Paka anaanza kula mifugo ya watu, na kila malalamiko yanapofika barazani, Sultani anamtetea: paka ni wake na alicholiwa ni chake. Paka anazidi kukua, anahamia kwa watu, na hatimaye anawaua watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani anapokiri kwamba huyo si paka tena, bali ni nunda.

Mtoto wa mwisho, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anaondoka kwenda kumwinda. Hajui nunda alivyo. Anachokijua ni alama chache tu: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, na mkia mnene. Kwa alama hizo anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, tangu mbwa, ngawa na fungo hadi punda milia, twiga, kifaru na tembo. Kila mara anarudi nyumbani akiimba kwamba amempata, na kila mara mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye.

Mambo mawili katika ngano hii yanamhusu mchoraji moja kwa moja. La kwanza ni kwamba msimulizi hatoi picha kamili ya nunda. Anatoa alama, kisha anaonesha jinsi alama zinavyoweza kumpotosha anayezifuata. La pili ni kwamba kipimo cha ukweli kimo kwa mama, ambaye anajua nunda siye nani kabla hajaoneshwa nunda ni nani. Katika usimulizi wa ngano, nyimbo za aina hii hupokelewa na hadhira. Basi msikilizaji mwenyewe ndiye anayekaa katika nafasi ya mama na kuikataa kila sura isiyotosha.

3.0 Nunda Nje ya Kiswahili

Sura ya kwanza ya nunda katika vitabu vya picha haikutengenezwa pwani. Mwaka 1901 ngano hii ilitokea katika vitabu viwili vya Kiingereza. Kimoja ni kitabu cha hadithi za watoto cha Andrew Lang kilichotoka London na kuchorwa na Henry Justice Ford. Kingine ni mkusanyo wa George W. Bateman wa ngano za Unguja, uliochapishwa Chicago na kuchorwa na Walter Bobbett. Tangu hapo nunda akawa mali ya rafu za vitabu vya njozi za dunia, pamoja na majitu na mazimwi ya Ulaya.

Mkondo wa pili ulimpeleka kwa wapenda wanyama wa ajabu. Mwaka 1937 William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Tanganyika na ambaye miaka miwili baadaye alichapisha toleo lake la Al-Inkishafi, aliandika kuhusu mngwa, au nunda, kama paka mkubwa asiyejulikana aliyedaiwa kuua watu Lindi. Mwaka 2001 J. K. Rowling, katika kitabu chake cha viumbe wa njozi, alimtaja mnyama wa Afrika Mashariki kwa jina la Nundu: chui mkubwa mno ambaye pumzi yake inaeneza maradhi. Jina hilo linakaribiana na nunda kiasi kwamba msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kugutuka.

Katika safari hiyo ya miaka 100 nunda alipoteza jambo moja: nyumba. Katika ngano, nunda ni paka wa barazani aliyelelewa, aliyetetewa na kunenepeshwa kwa upendeleo wa mwenye mamlaka. Katika mkondo huo wa pili, anatoka porini akiwa tayari ni nunda. Utisho wa ngano unatokana na kukua kwake mbele ya macho ya watu waliokatazwa kusema. Ukimfanya chui wa msituni, kinachobaki ni meno.

4.0 Mkondo wa Dar es Salaam

Dar es Salaam ilikuwa na njia nyingine ya kuwapa sura wasioonekana. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alianza kuchonga mpingo kwa mtindo uliokuja kuitwa shetani, akimuuzia mfanyabiashara Mohamed Peera. George Lilanga, aliyejiunga na Nyumba ya Sanaa katika miaka ya 1970, aliwahamishia mashetani hao kwenye rangi. Mashetani wa Lilanga wana masikio makubwa na midomo iliyovimba, lakini wanafanya yale wanayofanya watu: wanacheza ngoma, wanabeba mizigo, wanakaa pamoja na kuzungumza. Mwili ni wa ajabu. Mwenendo ni wa mtaani.

Katuni za magazetini zilipita njia inayofanana na hiyo. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyechorwa katika gazeti la Uhuru, alimzoesha msomaji kuuona mji kupitia mhusika mmoja wa kuchekesha. Kisha likaja jarida la Sani, lililochukua jina lake kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo Philip Ndunguru aliwaumba wahusika waliopendwa mno, wakiwemo Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Ndunguru alifariki mwaka 1986, na wahusika wake wakaendelea kuishi katika mikono ya wachoraji wengine.

Ndumilakuwili anastahili kuangaliwa kwa makini. Katika lugha, ndumilakuwili ni nyoka anayesemekana kuwa na kichwa kila upande, na kwa hiyo ni jina la mnafiki. Mchoraji angeweza kuchora nyoka wa vichwa viwili. Alimchora mtu. Ajabu ya jina iliachwa kwenye jina, na mwili ukawa wa jirani ambaye msomaji anaweza kumkuta dukani.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, magazeti na majarida ya watu binafsi yaliongezeka, na hadithi za katuni za kutisha zikapata nafasi. Jigal Beez, aliyezichunguza hadithi hizo mwanzoni mwa miaka ya 2000, alizihusisha na homa ya maisha ya jiji. Katika simulizi za aina hii tunakutana na msukule, mchawi, na mwanamke mrembo wa usiku ambaye chini ya khanga ana kwato. Kwato ni alama moja tu, kama masikio madogo ya nunda. Mengine yote ni ya mwanamke yeyote wa mjini. Hapa mkondo wa Dar es Salaam unakutana tena na Sultani Majinuni: kiumbe wa kutisha anatoka miongoni mwetu, na kosa la kwanza ni kumwona wa kawaida.

5.0 Kazi ya Mezani

Tuchukue mchoraji aliyeamua leo kumleta nunda katika kurasa za katuni. Hatua yake ya kwanza ni kuorodhesha alama zilizotolewa na msimulizi. Ya pili ni rasimu za penseli, na hapo ndipo anapojikuta katika nafasi ya yule kijana. Rasimu ya kwanza hutoka kama mbwa, ya pili kama ngawa. Akiongeza pembe, magamba na mabawa ili atishe, anapata tembo: mnyama mkubwa aliyechukua jasho jingi kumfikisha nyumbani, lakini siye. Kuongeza viungo hakumfikishi kwa nunda, kwa sababu ngano haikusema nunda ana viungo vingi. Ilisema paka alikua.

Kwa hiyo hatua ya tatu ni kipimo. Mchoraji anaweza kumchora paka yuleyule, kwa mkao uleule, katika fremu zinazofuatana, akibadilisha ukubwa wake tu dhidi ya vitu vya nyumbani: kinu, kizingiti, mlango, ukuta. Msomaji anayajua vipimo vya vitu hivyo kwa mwili wake mwenyewe. Paka anapofunika mlango, hahitaji kupewa meno.

Hatua ya nne ni wino. Majarida haya yalichapwa kwa karatasi ya gazeti, ambayo hunywa wino na kuharibu vivuli vyepesi. Mchoraji alilazimika kuchagua kati ya mstari na weusi kamili. Upungufu huo wa kiwandani ukawa msaada wa kisanaa: weusi uliokolea unamruhusu msomaji kuona jicho moja na mkia mnene, na kumjengea mengine akilini, kama hadhira ya ngano ilivyojijengea gizani.

Hatua ya tano ni maneno na mpangilio wa ukurasa. Kiputo cha maneno apewe Sultani anayemtetea paka wake, huku picha chini yake ikionesha zizi tupu. Maneno na mchoro vinapopingana, msomaji anawekwa katika nafasi ya mama: analazimika kusema siye, au ndiye. Mauaji yenyewe yanaweza kukaa katika ule mwanya mweupe kati ya fremu mbili, na neno “Itaendelea” mwishoni mwa ukurasa likafanya kazi iliyofanywa na msimulizi alipokatiza ngano usiku na kuwaambia watoto wakalale.

6.0 Hitimisho

Swali la Beck linaweza kujibiwa kwa upande wa mchoro: katuni ni ya Kiswahili pale mkono wa mchoraji unapofuata mantiki ya simulizi, hata kama karatasi, fremu na viputo vilitoka kwingine. Kwa kipimo hicho mkondo wa Dar es Salaam una haki ya kuhesabiwa kuwa usimulizi, wala si pambo la usimulizi.

Lakini haki hiyo inahitaji ushahidi, na ushahidi unapotea. Majarida ya katuni yalifungiwa karanga na maandazi. Michoro ya asili mara nyingi ilibaki ofisini, na ofisi zilipohama haikuhama nazo. Anayechora leo kwa kompyuta anafuta rasimu bila hata kubakiza karatasi ya kutupa. Tunabaki na nunda wa mwisho bila mbwa, ngawa na fungo waliomtangulia, yaani bila kumbukumbu ya namna mchoraji alivyofikiri.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro uliochorwa; haiwezi kumzuia mtu wa mbali kumwazia nunda kwa namna yake, wala haipaswi. Njia iliyobaki ni kumchora vizuri, kwa jina lake, na kuitunza michoro. Maktaba za vyuo vikuu zinazokusanya tenzi na riwaya zikusanye pia Sani na wenzake, pamoja na rasimu za penseli pale wachoraji wanapokubali kuzitoa. La sivyo, mtoto wa Mikocheni atakayetaka kumjua nunda atamkuta kwanza akiwa chui katika kitabu cha Kiingereza, na hatakuwa na mama wa kumwambia kwamba siye.