Mnyoosha Pingili, Si Daktari wa Mikono

British Chiropractic Association, chama kilichoasisiwa mwaka 1925, kimeletwa kwetu na kamati moja ya istilahi kwa jina la "Bodi ya Madaktari wa Mikono ya Uingereza". Jina fupi, makosa mawili, na yote mawili yanaudhi.

Tuanze na mikono. Wanakamati wameshika Kigiriki wakakiacha Kiswahili. Ni kweli D. D. Palmer, mwanzilishi wa tiba ya chiropractic mjini Davenport, Iowa, mwaka 1895, alimwomba mgonjwa wake, mchungaji Samuel Weed, amtafutie jina la Kigiriki, naye akaunganisha kheir, yaani mkono, na praktikos, neno la utendaji. Lakini kwetu daktari wa meno hutibu meno, na wa macho hutibu macho. Daktari wa mikono atapelekewa waliovunjika mikono! Tena kheir hiyo hiyo ndiyo iliyozaa kheirourgia, kazi ya mkono, jina la Kigiriki la upasuaji. Mbona mpasuaji hatukumwita mtu wa mkono? Kiswahili kilitazama anachofanya, kikamwita kwa tendo lake.

Na huyu mtoa tiba ya Palmer tumtazame. Mgonjwa amelala kifudifudi. Vidole vinapapasa uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, hadi kwenye kiungo kilichokaza. Kiganja kinatua, kinasukuma mara moja kwa kasi, kiungo kinaalika. Huyo ni mnyoosha pingili, na taaluma yake ni unyooshaji pingili. Pingili ni neno la muwa na mwanzi, kipande kilicho kati ya fundo na fundo, na walimu wa baiolojia walikwisha kulihamishia mgongoni zamani. Wapo wanaong'ang'ania "mkandaji". Mkandaji hukanda nyama. Huyu kazi yake ni kiungo. Wengine hudai kwamba pingili haikupinda hata inyooshwe. Kunyoosha viungo kwa Kiswahili ni kuviondolea ukakamavu pia, na msemaji yeyote aliyeamka na mgongo uliokaza analijua hilo. Pendekezo hili nililiwasilisha kwa maandishi. Halikujadiliwa, wala sikupewa sababu.

"Bodi" nayo inapotosha. Anayesajili na kuadhibu huko Uingereza ni General Chiropractic Council, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Asiyesajiliwa nalo haruhusiwi kujiita kwa jina la taaluma hiyo. Chama ni cha wanachama, wanaojiunga kwa hiari na kutetea maslahi yao. Mwaka 2008 ni chama hicho kilichomshtaki mwandishi Simon Singh kwa kashfa, kikaifuta kesi mwaka 2010. Msomaji wa "Bodi" ataamini kwamba msimamizi wa kisheria ndiye aliyemburuta mwandishi mahakamani, jambo ambalo halikutokea.

Katika matumizi: mnyoosha pingili, wanyoosha pingili, Chama cha Wanyoosha Pingili cha Uingereza.