Wimbo wa Taifa na Timu ya Taifa: Mabishano ya Washabiki wa Kisangani tangu 1960

Tukiandika juu ya desturi za mji wetu, mara nyingi tunaandika juu ya ndoa, matanga, uvuvi wa Wagenya na ngoma za wazee. Kuna desturi nyingine ambayo ni changa, lakini imekwisha kuota mizizi: mabishano ya washabiki siku timu ya taifa inapocheza. Hapa Simi-Simi, kama katika kartie nyingine za Kisangani, mabishano hayo hayangoji mpira uanze. Yanaanza wakati wimbo wa taifa unapopigwa. Kuna wanaosimama mbele ya televisheni, kuna wanaobaki wameketi na chupa yao, na kuna wanaouliza: «Hawa bachezaji banaimba kweli, ao banafungula kinywa tu?»

Tumeona ni vizuri tuiandike historia ya mabishano haya, kwa sababu ndani yake kuna jambo kubwa kuliko mpira. Ni jambo la kujua kama tunaimbia timu, tunaimbia serikali, ao tunaimbia nchi.

Mechi ya nyumbani iliyo mbali

Kwanza tuelewane juu ya neno «nyumbani». Timu ya taifa ikicheza nyumbani, kwa kawaida inacheza Kinshasa. Zamani ilikuwa katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Kisha katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola, na tangu 1997 unaitwa Stade des Martyrs. Kutoka Kisangani mpaka kule, kwa njia ya mto, ni karibu kilometa 1,700. Kwa hiyo mwana-Boyoma wa kawaida mechi ya nyumbani aliisikia redioni, na baadaye akaiona kwenye televisheni ya jirani ao ya nganda. Uwanja wa Lumumba hapa mjini tunaujua kwa mechi za AS Nika, TS Malekesa na AS Makiso. Lakini Léopards kwetu ni sauti inayotoka mbali. Ndiyo maana wimbo ulipata uzito: ulikuwa dalili ya kwanza kwamba mechi imeanza, na kwamba sisi pia, huku mbali, tumo ndani.

Nyimbo mbili, vizazi vitatu

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, nchi ilipokea wimbo «Debout Congolais», maneno yake yakiwa ya Joseph Lutumba na muziki wake wa Simon-Pierre Boka, Mjesuiti. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikageuzwa jina, ikawa Zaire, na wimbo pia ukageuzwa. Ukaja «La Zaïroise», na Boka yule yule alikuwa na mkono ndani yake. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu alipoanguka, «Debout Congolais» ikarudi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imeiandika katika kifungu chake cha kwanza, pamoja na bendera na jina la nchi.

Ndiyo kusema katika nyumba moja tunaweza kuwa na vizazi vitatu. Babu alijifunza wimbo wa 1960. Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi tulisimama kila asubuhi mbele ya bendera ya kijani tukiimba wimbo wa Zaire. Watoto wetu wamejifunza ule wa babu. Babu na mjukuu wanaimba pamoja, na baba katikati alilazimika kujifunza upya. Tusishangae basi kama mbele ya televisheni kila mmoja ana neno lake.

Je, wimbo una bahati?

Neno la kwanza linalorudi kila mara ni hili: «Wakati wa Zaire tulikuwa na wimbo mtamu, na timu ilikuwa inashinda.» Wengine wanajibu kwamba wimbo wa Zaire ndio ulioleta aibu ya 1974. Tuchunguze mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1968, huko Addis Ababa, timu yetu ilichukua Kombe la Afrika kwa kushinda Ghana 1-0. Wakati ule wimbo ulikuwa «Debout Congolais». Mwezi wa Desemba 1973, Kinshasa, Zaire ilishinda Moroko 3-0 na kupata njia ya kwenda Kombe la Dunia, ya kwanza kati ya timu za Afrika kusini mwa Sahara. Mwezi wa Machi 1974, huko Misri, ilichukua tena Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, huko Ujerumani ya Magharibi, ilipoteza 2-0 mbele ya Scotland, 9-0 mbele ya Yugoslavia na 3-0 mbele ya Brazil. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Ni wimbo mmoja, timu moja, katika miezi michache tu: kombe na aibu.

Halafu, chini ya wimbo ule ule, Zaire ilifika robo fainali mwaka 1992, 1994 na 1996, na haikupita. Wimbo wa zamani uliporudi, timu ikawa ya tatu mwaka 1998 huko Burkina Faso, baada ya kutoka nyuma 4-1 na kusawazisha 4-4 katika dakika za mwisho, ikashinda kwa penalti. Ikawa ya tatu tena mwaka 2015. Kumbe wimbo hauna bahati wala laana. Timu inashinda ikitayarishwa vizuri, wachezaji wakilipwa na viongozi wakiwa na akili. Anayesingizia wimbo anawapa nafasi ya kujificha wale wanaopaswa kujibu.

Jina la Simba katika mji huu

Jambo la pili ni jina la timu. Mwanzoni iliitwa Lions. Mwaka 1966, chini ya Mobutu, ikawa Léopards. Baada ya 1997 ikaitwa Simbas, na baadaye jina la Léopards likarudi. Katika miji mingine jina hilo lilikuwa la mnyama tu. Hapa kwetu sivyo. Simba ni jina la wapiganaji walioingia Stanleyville mwezi wa Agosti 1964. Na ni hapa Simi-Simi, kwenye kiwanja cha ndege, ndipo makomando wa Ubelgiji walipoteremka kwa parashuti asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964. Watu wengi walikufa katika miezi ile, weusi na weupe. Mzee aliyeyaona hayo hawezi kupiga kelele «Simba!» kama kijana wa Kinshasa anavyopiga. Mfano huu unatufundisha kwamba alama za taifa zikibadilishwa kwa amri, hazifiki kila mahali na maana moja.

Kuimba wakati nchi imegawanyika

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Tangu Agosti 1998 Kisangani haikuongozwa tena kutoka Kinshasa. Ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD na majeshi ya Rwanda na Uganda. Majeshi hayo mawili yalipigana humu mjini, na vita vya siku sita, kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, viliua mamia ya raia. Hata hivyo, timu ilikwenda Kombe la Afrika mwaka 2000, ikaenda tena Mali mwaka 2002 na kufika robo fainali. Serikali zilikuwa zaidi ya moja, lakini timu ya taifa ilibaki moja. Anayesema leo kwamba wimbo ni mali ya serikali iliyoko akumbuke miaka ile.

Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walifunika kinywa kwa mkono mmoja wakati wa wimbo, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Walitaka dunia ione mauaji ya mashariki na ukimya unaoyafunika. Mechi walipoteza 1-0. Lakini wale waliozoea kusema «habajue maneno» walipata jibu. Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa. Chancel Mbemba alizaliwa Kinshasa. Siku ile hakuna aliyeuliza nani amezaliwa wapi.

Neno la mwisho

Mabishano hayatakwisha, na ni vizuri yasiishe. Tarehe 9 Septemba 2025 timu iliongoza 2-0 mbele ya Senegal katika Stade des Martyrs, kisha ikapoteza 3-2. Kuna waliosema hawatasimama tena kwa wimbo. Miezi miwili baadaye, huko Moroko, iliondoa Cameroon na Nigeria, na kila mtu alikuwa amesimama. Mpira uko vile. Lakini heshima ya wimbo isipande na kushuka pamoja na mabao, maana mchezaji tunaweza kumzomea na kocha tunaweza kumkataa bila kuikataa nchi.

Kwetu sisi walimu kazi ni wazi. Wimbo huu ni wa Kifaransa, na watoto wengi wanauimba kama kasuku. Tuwaeleze maana yake kwa Kiswahili na kwa Lingala, neno kwa neno, na tuwaambie pia ni nani aliyeutunga, lini uliondolewa na kwa nini ulirudi. Mtoto akiyajua hayo, siku ya mechi atabishana, lakini atabishana akijua anachosema.