Ubishi wa Maziwa ya Moto

Makala za utafiti si za maprofesa peke yao. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu. Kwa kugombea nafasi, akayatia maziwa kwenye friji yangali moto. Yakawahi kuganda! Alipouliza sababu, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakumkatalia, aliporudi, akataka jambo lipimwe maabara. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, jamani: kupima. Mwaka 1969 jarida la Physics Education likachapa makala yao, jina la Mpemba likitangulia. Ubishi haukuisha, mwaka 2016 watafiti wawili Uingereza walipima upya, hawakupata ushahidi wa maana.