Polisi Aruhusiwa Kufyatua Risasi Lini? Tuijue Sheria Kabla ya Msiba

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mama mmoja jirani yangu hapa Likoni alinisimamisha uchochoroni. Alikuwa amemzika mwanawe wiki mbili nyuma. "Mwalimu," akaniuliza, "wanambia kijana wangu alikuwa akikimbia. Kwani kukimbia ni kosa la kuuliwa?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Mimi si wakili, lakini nilikwenda nikaisoma sheria, na naona si vyema niyaweke peke yangu niliyoyapata.

Msingi ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 26 kinampa kila mtu haki ya kuishi, na hapokonywi uhai ila kwa kadiri Katiba au sheria iliyoandikwa inavyoruhusu. Sheria yenyewe ni ile ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita.

Jedwali hilo laanza kwa kumwambia askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Zikishindikana, nguvu atakayotumia ilingane na uzito wa kosa na ukaidi wa mtu anayemkabili. Bunduki huja mwisho kabisa, njia nyepesi zikiwa hazitoshi, kwa ajili ya kuokoa maisha yake au ya mwingine, au kujikinga na hatari iliyo mbele yake ya kifo au jeraha baya. Kabla ya kufyatua yampasa ajitambulishe na aonye kwa uwazi, ampe mtu nafasi ya kutii, isipokuwa kuonya kwenyewe kutahatarisha maisha au hakutakuwa na maana. Kwa watoto, sheria yamtaka ajitahidi zaidi kuepuka bunduki.

Mwaka 2014 Bunge liliongeza sababu nyingine: kulinda uhai na mali kwa nguvu zinazostahiki, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai asitoroke kizuizini. Hapa ndipo penye jibu la yule mama. Sheria yasema aliyeshtakiwa, tena aliye kizuizini. Kijana anayetimua mbio kwa kuona taa za gari la polisi hajashtakiwa lolote. Kukimbia peke yake hakumo katika orodha.

Najua wako watakaoniuliza: na wale wanaotuvamia kwa mapanga Kisauni? Wallahi, hata mimi nawaogopa. Askari akimkuta mtu amenyanyua panga juu ya kichwa cha raia, sheria yamruhusu kufyatua. Lakini panga likishaanguka na mikono ikiwa juu, ruhusa hiyo imekwisha. Tunaposhangilia mshukiwa kuuawa bila kesi, tukumbuke kesho huenda akawa ni mtoto wetu aliyefananishwa tu.

Wala tusidhani sheria hii ni ya vitabuni. Agosti 2014, huko Kinango, Kwale, msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani kwao, polisi walipokwenda kumtafuta jamaa yake. Walisema aliwashambulia kwa panga. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawahukumu maafisa wawili miaka saba jela kwa kuua bila kukusudia. Walikata rufaa, wakashindwa.

Sasa, yakitufika, tufanyeje?

Kwanza, fahamuni kwamba polisi wenyewe wanalazimika kumpa majeruhi matibabu mara moja, kuwajulisha jamaa zake, kulinda mahali pa tukio na kuiarifu IPOA palipotokea kifo au jeraha baya. "Niliamrishwa na mkubwa wangu" si udhuru mbele ya sheria.

Pili, pigeni ripoti kituoni na mchukue nambari ya OB. Kisha nendeni wenyewe IPOA, msingoje kuitwa. Andikeni majina ya mashahidi, saa, nambari ya gari, na nambari ya askari kama ilionekana kwenye sare. Msioshe nguo zenye damu wala kuokota maganda ya risasi.

Tatu, na hili ni zito kwetu Waislamu. Twapenda kumsitiri maiti upesi, na ndiyo sunna. Lakini maiti akizikwa bila kupimwa na daktari, risasi huzikwa naye, na ushahidi mkubwa hupotea. Ombeni uchunguzi ufanywe haraka, na daktari wa familia awepo ikiwezekana. Kuchelewa saa chache kwa ajili ya haki ni jambo la kuwauliza masheikh wetu mapema, si siku ya msiba.

Yule mama hakujua lolote kati ya haya. Mwanawe alizikwa siku ile ile, kabla ya Magharibi, bila kupimwa. Nilipompelekea jibu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi waambie wengine." Nami nimewaambia.