CHUMA KILICHOFUKULIWA MGOGONI: KUMBE NI DAINAMO YA MWAKA 1956!

Mashine ililia mara ya kwanza karibu na shina la mkarafuu. Kijana akachimba, likatoka kopo la maziwa lililooza. Ikalia mara ya pili, likatoka jembe lisilo na mpini. Mara ya tatu ikalia kwa nguvu mpaka wenzake wawili waliokaa kivulini wakasimama.

Hapo ni Mgogoni, Kaskazini Pemba. Mashine yenyewe ni ile ya kutafutia vyuma ardhini, ya kuazima. Na tusidanganyane wadau, kijana hakuwa anatafuta historia. Alikuwa anatafuta dhahabu.

Pemba stori za mali zilizozikwa haziishi. Kila kijiji kina mtu anayejua mtu aliyeota ndoto kuhusu chungu cha fedha chini ya mwembe. Na si uongo mtupu. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, wataalamu wa mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, pamoja na chache za dhahabu, za karne ya 11. Kwa hiyo ukisikia mashine inalia Pemba, moyo lazima udunde.

Kilichotoka safari hii hakikuwa chungu. Kilikuwa chuma cha mviringo, kizito, kirefu kama thermos ndogo ya chai, kimejaa udongo mwekundu na kutu.

"Yakhe, bomu hilo!" akasema mmoja, akarudi nyuma hatua tatu.

"Bomu gani lina puli? Stata ya gari hiyo," akajibu mwengine.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hakubishana na mtu. Alikigeuza mara moja, akachungulia kwenye tundu, akaona waya mwekundu ndani. Shaba! Na shaba kwenye mzani haina bei ya chuma. Akataka kukivunja pale pale kwa nyundo, chuma kando na shaba kando, pesa mkononi.

Kilichokiokoa ni mzee mmoja jirani, fundi wa magari wa zamani, ambaye alikuwa anapita na baiskeli yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hicho msikivunje kwanza. Kileteni hapa kivulini."

CHUMA KINASOMWA KAMA KITABU

Mzee hakukimbilia kutaja jina la gari. Alianza na maswali madogo madogo, na hapa ndipo pa kujifunza.

Swali la kwanza: hiki ni stata au kitu kingine? Stata na dainamo zinafanana kwa umbo, lakini stata huwa na meno mbele, ya kuuma gurudumu la injini. Hiki hakikuwa na meno. Kilikuwa na puli, maana yake kilizungushwa na mkanda. Kwa nyuma kulikuwa na sehemu mbili za kufungia waya, moja kubwa na moja ndogo. Aliposugua kwa brashi ya waya zikatokea herufi mbili: D na F. Basi, kesi ikaisha. Hiyo ni dainamo.

Kwa wale waliozaliwa wakakuta gari zina olteneta: zamani gari ilichaji betri kwa dainamo. Ni ndugu mkubwa wa ile dainamo ya baiskeli inayowasha taa. Magari ya Uingereza yalianza kuiacha katika miaka ya 1960 na kuhamia kwenye olteneta. Kwa hiyo ukikuta dainamo, ujue umeshika gari ya kizazi cha babu.

Swali la pili: imetoka nchi gani? Mzee alijaribu spana kwenye nati moja iliyobaki. Namba 12 haikuingia, namba 13 ikacheza. "Hii ya inchi," akasema. Gari za Kijapani na Kijerumani hufungwa kwa milimita, za Kiingereza na Kimarekani za enzi zile kwa inchi. Spana tu imeshakupa nusu ya dunia.

Swali la tatu: ni ya mwaka gani? Mzee aliomba chaki. Akapaka juu ya chuma, akafuta kwa kiganja, weupe ukabaki ndani ya maandishi yaliyogongwa: LUCAS. MADE IN ENGLAND. 12V. Na pembeni, tarakimu zilizoliwa na kutu lakini zinasomeka: 7 56.

Lucas ilikuwa kampuni ya Birmingham. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, alianza katika karne ya 19 kwa kuuza mafuta ya taa mitaani, akahamia kwenye taa za baiskeli, na baadaye kampuni ikawa inatengeneza vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza: Austin, Morris, Land Rover na mengine mengi. Walikuwa na desturi ya kugonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyao. 7 56 ni Julai 1956.

JULAI 1956 ILIKUWAJE?

Simamisha kidole hapo. Julai 1956 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na kwenye kiti alikuwa Sultani Khalifa bin Harub. Uchaguzi wa kwanza wa visiwani ulikuwa bado mwaka mmoja, Julai 1957. Mapinduzi yalikuwa bado miaka saba na miezi.

Na Pemba ilikuwa ndiyo karafuu yenyewe. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipofyeka mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa mzalishaji mkubwa. Karafuu ikichumwa hutolewa vikonyo, huanikwa juani kwenye majamvi, hutiwa kwenye magunia, kisha lazima ifike bandarini. Zamani ilibebwa kwa punda na kwa vichwa vya watu. Gari zilipokuja zikapokea mzigo ule.

Lakini mzee aliwaonya vijana: mwaka wa kifaa si mwaka wa gari. Dainamo hubadilishwa. Inaweza kuwa ilifungwa miaka kumi baadaye kwenye gari nyengine kabisa. Chuma kile kinasema jambo moja tu kwa uhakika: hakikuzikwa kabla ya Julai 1956. Wale wataalamu wa Mtambwe walitumia akili hiyo hiyo, kwamba sarafu changa kuliko zote ndiyo inayokwambia chungu hakikuzikwa kabla yake.

SWALI LILILOUMA

Sasa ilikuwa gari gani? Mzee akauliza, "Hapo shimoni hapakuwa na kibati? Kidogo, kimeandikwa namba?"

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Kilikuwepo, babu. Wiki iliyopita. Na vyuma vyengine vitatu."

"Kiko wapi?"

"Nishauza."

Mzee hakugomba. Alitikisa kichwa tu. "Hicho ndicho kilichokuwa na jina lake."

Wadau, hiki si kitu kidogo. Kumbukumbu za kiwandani za magari kama Austin, Morris na Land Rover zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza. Mtu mwenye namba ya chasisi anaweza kuomba taarifa, na mara nyingi akaambiwa gari ilitoka kiwandani siku gani na ilipelekwa wapi. Kibati kile kingeweza kutaja safari nzima ya gari moja mpaka kisiwani. Kimeondoka kwa kilo, pamoja na sufuria mbovu na mabati.

Sarafu za Mtambwe zimeandikwa vitabuni. Gari zilizobeba karafuu iliyoilisha nchi nzima, nani kaziandika? Waliokuwa madereva wanazidi kupungua kila mwaka, na vyuma vyao vinayeyushwa kimya kimya. Kuuza si dhambi, watu wana njaa na watoto wana ada. Lakini dakika tano za chaki na picha ya simu hazipunguzi hata gramu moja kwenye mzani.

Kwa hiyo ukiokota chuma usichokijua: usikivunje. Andika ulipokikuta. Tafuta maandishi, piga picha, pima nati kwa spana, kisha kamuulize mzee kabla hujamuuliza mnunuzi. Na mashine yako usiipeleke kwenye magofu kama Ras Mkumbuu au Pujini, kule pana wenyewe na pana sheria.

Dainamo ile haikuuzwa siku ile. Ilibaki barazani kwa mzee, juu ya gunia, chaki bado iko kwenye namba.

Kwenu kuna chuma gani kimekaa uani hakijulikani? Dondosha picha kwenye komenti, mafundi wamo humu.