Drive-In ya Msasani haikuuawa na televisheni

Msasani jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Old Bagamoyo, mahali ulipo leo Ubalozi wa Marekani, palikuwa na Drive-In, sinema ya wazi iliyofunguliwa mwaka 1966. Mtu hakuhitaji kushuka kwenye gari. Katika sinema za aina hiyo unaegesha ukielekea ukuta mkubwa mweupe, unachukua spika ndogo kwenye nguzo, unaitundika dirishani, watoto wanapanda juu ya boneti, na picha inaanza giza likishaingia. Ukiuliza ilikwisha vipi, jibu liko tayari midomoni mwa watu: video iliingia, televisheni ikafuata, watu wakajikalia majumbani, uwanja ukabaki mtupu. Ni maelezo mepesi, na ndiyo maana yamedumu. Tatizo lake ni kwamba miaka haikubaliani nayo.

Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Kama muuaji ni televisheni, basi Majestic, Empire na Cine Afrique za mjini Unguja zingekufa mapema, na kumbi za Dar es Salaam, Tanga na Moshi zingestawi miaka 20 zaidi. Haikuwa hivyo. Unguja watu waliendelea kwenda sinema wakati televisheni ikiwaka mitaani, na kumbi za Bara zilikwisha kudhoofika katika miaka ya 1980, wakati Mtanzania wa kawaida wa Bara alikuwa bado hajaona kituo chochote cha Bara.

Inabidi kumtafuta mkosaji kwingine, na mimi ningeanza na makopo ya filamu. Biashara ya sinema Afrika Mashariki ilisimama juu ya mzunguko: mkanda uliingia kutoka Bombay, London au Marekani, ukapita mji hata mji, na nakala moja iliweza kulisha kumbi mbili kwa usiku mmoja, kijana wa baiskeli akikimbiza kopo la kwanza ukumbi wa pili huku la pili likizunguka kwenye mashine. Mzunguko huo ulihitaji picha mpya kila mara. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma ambalo baadaye lilishika uagizaji na usambazaji. Nia ilikuwa nzuri, kuondoa biashara mikononi mwa wachache. Lakini filamu hulipiwa kwa fedha za kigeni, na baada ya bei ya mafuta kupanda na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha hizo hazikutosha hata dawa na vipuri. Nani angemwidhinishia mtu dola za kuleta picha ya mapenzi? Mikanda iliyokuwepo ikarudiwa mpaka ikachanika. Na majengo nayo: sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, hivyo wenye kumbi wengi waligeuka wapangaji wa Msajili wa Majumba. Mpangaji hana haja ya kubadilisha viti vya nyumba isiyo yake.

Drive-In ilikuwa na balaa lake la ziada. Ili kubana matumizi ya mafuta, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sinema inayohitaji gari na giza ilinyimwa gari katika jioni ambayo familia nyingi hupumzika. Hilo halina uhusiano wowote na televisheni.

Wapo watakaosema video haikwepeki, maana deki zilikuwepo mijini katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Ni kweli, na ziliumiza. Ila video ilishinda kwa sababu kaseti ya magendo ilikuwa na picha ya mwaka huo, na ukumbi ulikuwa na ya zamani. Mteja alifuata picha mpya. Kuna na hoja nzito zaidi: Drive-In ilikuwa anasa ya wenye magari, imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla ya Azimio la Arusha, ya nini kuililia? Nakubali kwamba asiye na gari hakujengewa sehemu ile. Lakini kumbi za Tanga, Moshi na Unguja, ambazo mtu alizifikia kwa miguu na akanunua kiti cha bei nafuu, zilikufa kwa ugonjwa uleule. Ugonjwa haukuchagua tabaka.

Hamu ya kutazama pamoja nayo haikufa. Vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, vilijaa, watu wakibanana kwenye mabenchi kumsikiliza mfasiri wa filamu Lufufu akieleza kwa Kiswahili stelingi anasema nini, na wengi wao walikuwa na televisheni kwao au kwa jirani. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanzishwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1990, limekuwa likikusanya umati Ngome Kongwe, chini ya anga. Watazamaji wa namna hiyo hawakuikimbia sinema. Sinema ndiyo iliyoishiwa cha kuwaonesha.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipua ubalozi wa Marekani wa zamani huko Oysterbay na kuua watu 11. Wamarekani wakatafuta eneo kubwa, lenye nafasi ya kutosha kati ya jengo na barabara, na uwanja wa Drive-In ulikuwa na sifa hiyo. Ubalozi mpya ulifunguliwa mwaka 2003. Atakayeandika historia ya burudani ya Dar es Salaam asianze na antena za 1994. Aanze na vibali vya fedha za kigeni na foleni za petroli.